Banda kavu la kuku: kuziba mianya, kuacha matundu ya hewa na kuchagua matandazo

Banda likinuka, wengi hukimbilia kubadilisha maranda. Wiki mbili baadaye harufu imerudi. Mara nyingi maranda hayana kosa: kuna mahali maji yanaingia, au hayana pa kutokea. Kinyesi kibichi cha kuku ni maji kwa takriban robo tatu ya uzito wake, na kuku mmoja mkubwa hutoa gramu 100 hadi 150 kwa siku. Kuku 10 huacha bandani karibu lita nzima ya maji kila siku kwa kinyesi peke yake, mbali na mvuke wa pumzi zao usiku na yale wanayomwaga wakinywa. Matandazo hayaondoi maji hayo. Huyashika kwa muda tu, mpaka hewa iyachukue na kuyatoa nje.

Ndiyo maana kazi hii ina mpangilio wake, na anayeuvuruga huirudia. Kagua banda likiwa tupu, ua utitiri, ziba mianya ya chini, acha au ongeza matundu ya juu, rekebisha sakafu na vyombo vya maji, halafu ndipo utandaze. Maelezo yanayofuata ni ya banda dogo la nyuma ya nyumba, la kuku kama 5 hadi 30.

Hatua ya 1: Kagua kwa mwanga, maji na upepo

Toa kuku, toa kila kinachohamishika, kisha fagia mpaka sakafu yenyewe ionekane. Vaa barakoa na unyunyizie maji kidogo kabla ya kufagia, kwa kuwa vumbi la kinyesi kikavu hubeba vimelea vinavyoingia mapafuni. Osha kwa sabuni na maji kwanza. Usimwage dawa ya klorini juu ya kinyesi kibichi: klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu, na ndani ya chumba kidogo gesi hiyo haikupi muda wa kujiuliza.

Banda likishakauka, ingia ndani mchana wa jua kali, funga mlango, subiri dakika mbili macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu, izungushie chaki. Usiku fanya kinyume chake: acha taa ndani, wewe zunguka nje. Kuna mianya iliyojificha nyuma ya viota na kwenye pembe ambayo mchana haionekani kabisa.

Kisha mwagia kuta maji kutoka nje, upande ambao mvua huja nao, huku mtu mwingine akiwa ndani akitazama. Aangalie zaidi mahali ukuta unapokutana na sakafu, vichwa vya misumari ya bati, na bawaba za mfuniko wa viota. Tundu la msumari linalodondosha tone moja moja linatosha kuozesha matandazo ya pembe nzima.

Upepo hupimwa kwa kijiti chenye utepe mwembamba wa karatasi laini. Siku yenye upepo, kipitishe taratibu usawa wa fito za kulalia. Utepe ukitulia au kuyumba kidogo, hapo pako sawa. Ukipepea, kuku anayelala hapo anapigwa na upepo usiku kucha. Moshi wa udi nao hufaa, ila utumie kabla ya kutandaza tu, maana cheche moja kwenye maranda makavu ni moto.

Pima pia ukubwa wa kila tundu, kwani ndio unaoamua dawa yake. Penye kupita kalamu ya risasi, panya mdogo wa nyumbani anapita. Milimita 6 hadi 7 zinamtosha. Panya mkubwa anahitaji kama milimita 12, upana wa kidole cha mwisho. Kicheche hupita kwenye tundu la sentimita 2.5 hivi. Nyoka hufuata njia ya panya, na kwa kawaida hakuna haja ya kumtafutia mbinu yake peke yake: mzuie panya, umepunguza kilichomleta nyoka.

Hatua ya 2: Amua lipi la kuziba na lipi la kuacha

Hapa ndipo mabanda mengi huharibiwa na mtu mwenye nia njema. Anaona mwanga, anaziba kila kitu, na baada ya hapo unyevu unakosa njia ya kutokea.

Chora kwa chaki mstari unaopita sentimita 30 juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala kwenye fito. Chini ya mstari huo, mwanya wowote unaopitisha upepo, mvua au mnyama ni wa kuzibwa. Juu yake, matundu yabaki wazi lakini yawekwe wavu. Hewa yenye joto na mvuke hupanda. Ikikuta njia juu inatoka bila kuwagusa ndege. Upepo unaopita usawa wa kuku hutenganisha manyoya yanayoshika joto la mwili, naye hupoteza nguvu za chakula kwa kujipasha moto badala ya kutaga.

Kwa ukubwa, kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi wadogo ni mita ya mraba 0.1 ya tundu la hewa kwa kila kuku. Kuku 10 ni mita ya mraba moja, yaani mifereji miwili yenye urefu wa mita 2.5 na kimo cha sentimita 20, mmoja kila ukuta, ikitazamana. Penye joto kali hicho ni cha chini kabisa. Huko ukuta mzima uishie sentimita 60 hadi 90 kutoka sakafuni, na kuanzia hapo hadi paani uwe wavu, wenye pazia la turubai la kushusha mvua ikija. Penye baridi ya kuganda nako usifunge yote: kilemba cha kuku huganda haraka zaidi kwenye hewa yenye unyevu kuliko kwenye baridi kavu.

Ukitaka kujua kama matundu yanatosha, fungua banda kabla jua halijachomoza, uchuchumae pua yako ifike usawa wa kuku. Macho yakiwasha, au ukiona matone yananing'inia chini ya bati, hayatoshi. Fanya hivyo sekunde chache za kwanza, kwa kuwa pua huizoea amonia upesi na baada ya dakika chache itakudanganya. Amonia ikifika sehemu 25 kwa milioni ya hewa huanza kuumiza macho na njia ya pumzi ya kuku, na wapo watu ambao kwa kiwango hicho ndiyo kwanza wanaanza kuinusa.

Hatua ya 3: Utitiri kwanza, saruji baadaye

Utitiri mwekundu hukaa mchana ndani ya nyufa na kwenye ncha za fito, hutoka usiku kunyonya damu, na unaweza kuishi miezi kadhaa bila kula. Ukifunika ufa wenye utitiri kwa ubao, umeupa maficho ambayo dawa haitafika tena.

Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito saa mbili au tatu baada ya giza kuingia. Madoa mekundu ni damu iliyonyonywa. Mchana tafuta unga wa kijivu kwenye maungio ya mbao. Ukiukuta, kwangua nyufa kwa kisu, sugua kwa brashi ya waya, mwagia maji yanayochemka, kisha nyunyiza dawa iliyoruhusiwa kwa mabanda ya kuku kwa kipimo cha kwenye lebo. Rudia baada ya siku 7. Dawa nyingi haziui mayai, na penye joto yai huweza kuwa mtitiri mzima unaotaga ndani ya wiki moja hivi. Oili chafu ya injini iliyozoeleka kupakwa kwenye fito iache: ina metali nzito, na inahamia kwenye miguu, manyoya na maganda ya mayai.

Hatua ya 4: Ziba, kila mahali kwa njia yake

*Matundu ya chini ya ukuta.* Kabla ya kuziba, sokomeza karatasi iliyofinyangwa ndani ya tundu na uiache usiku mmoja. Ikisukumwa nje, panya bado yumo. Mtege au mtoe kwanza, la sivyo atachimba tundu jipya akielekea ndani ya banda. Tundu likiwa halitumiki, likwangue mpaka ufikie udongo au tofali gumu, loanisha, jaza wavu wa waya wa matundu ya milimita 6 uliokunjwakunjwa, kisha shindilia saruji na mchanga kwa kipimo cha 1 kwa 3. Waya ndio unaomshinda panya; saruji inaushikilia tu. Funika kwa gunia lenye maji siku 3 ili isikauke kwa haraka na kupasuka. Udongo mtupu ni kazi ya bure, kwani hufukuliwa tena upesi.

Povu la kuziba linalovimba lina mvuto kwa kuwa ni la haraka. Panya hulitafuna, na kuku hulidonoa na kulimeza. Likitumika, lifunikwe kwa ubao au bati pande zote mbili. Vitambaa, magunia na mifuko ya plastiki nazo usisokomeze kwenye nyufa: hushika maji, na kuku huvuta nyuzi moja moja na kuzimeza mpaka mfuko wa chakula wa shingoni unaziba.

*Wanyama wanaochimba.* Kufukia wavu wima sentimita 30 na kuukunja nje sentimita 30 nyingine ni njia nzuri, ila ni kazi nzito. Kulaza wavu juu ya ardhi hufanya kazi ileile kwa jasho dogo. Funga ukingo mmoja kwenye ukuta, utandike utoke nje sentimita 45 hadi 60 kuzunguka banda lote, ukandamize kwa vigingi vya waya kila sentimita 30, funika kwa udongo au mawe. Mnyama huanza kuchimba palepale ukuta unapogusa ardhi, anakutana na waya, na kwa kawaida hafikirii kurudi nyuma nusu mita.

*Wavu wenyewe.* Waya wa kuku wenye matundu ya pembe sita umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Mbwa huurarua, panya hupita katikati yake, na mkono wa mnyama huingia na kumvuta kuku aliyelala karibu. Kwa tundu lolote la hewa tumia wavu uliochomelewa wa matundu ya milimita 12, au ya milimita 6 penye panya wadogo wa nyumbani, waya wake ukiwa na unene wa milimita 1 au zaidi. Ufunge kwa skrubu na washa pana kila sentimita 10 hadi 15, au uubane chini ya ubao mwembamba. Misumari ya U pekee hulegea mbao zinapokauka, na mnyama mwenye subira huling'oa pembe moja, ikishaachia nyingine hufuata.

*Kuta za mbao.* Mbao mbichi zikikauka husinyaa na kuacha mianya kati yake. Funika mwanya kwa ubao mwembamba wa upana wa sentimita 5, kutoka nje, na upigilie misumari kwenye ubao mmoja tu kati ya ile miwili unayoifunika. Ukipigilia kote kuwili, mbao zitakapovimba na kusinyaa kwa misimu zitapasua ubao wa kufunikia. Nyufa za chini ya milimita 5 zijaze kwa mchanganyiko wa unga laini wa mbao na gundi ya mbao isiyoyeyushwa na maji, uwe mzito unaosimama kwenye kijiti. Silikoni nayo hufaa kwa nyufa za aina hiyo, lakini acha saa 24 hadi 48 ikauke kabla ya kurudisha kuku.

*Mawimbi ya bati.* Bati la mawimbi linapolala juu ya boriti huacha matundu yenye kimo cha kama milimita 16 hadi 18, yanayomtosha panya mkubwa. Katika mabanda mengi hayo ndiyo matundu ya juu pekee yaliyopo, kwa hiyo usiyajaze saruji. Kata utepe wa wavu wa upana wa sentimita 10, ukunje pembe mraba katikati, nusu moja ipigiliwe kwenye boriti na nusu nyingine ikatwe kufuata mawimbi na kusukumwa juu mpaka iguse bati. Kazi hii inachosha na hukwaruza mikono. Vaa glavu.

*Mlango na viota.* Pigilia ubao mwembamba kwenye fremu, ndani, ili mlango ukifungwa uukalie pande zote. Mwanya wa upande wa bawaba husahaulika mara nyingi zaidi kuliko ule wa chini. Weka makomeo mawili, la juu na la chini, maana mlango wenye komeo moja katikati husukumika pembeni na kuacha nafasi. Chini weka kizingiti cha ubao cha kimo cha sentimita 20 hadi 25 kinachochomoka kwenye mifereji miwili: kitazuia matandazo yasimwagike, na siku ya kusafisha utakichomoa na kusukuma kila kitu nje. Mfuniko wa viota unaofunguka kwa nje huvujia kwenye bawaba. Pigilia juu ya bawaba kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli au gari, upana wa sentimita 8, kikipanda ukutani na kushuka juu ya mfuniko.

Rudia kipimo cha mwanga. Kisha nyunyiza majivu makavu mbele ya sehemu zote ulizoziba, uyatazame asubuhi mbili mfululizo. Nyayo zitakuonyesha kama umekosea mahali.

Hatua ya 5: Sakafu na maji ya kunywa

Sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 hadi 30, na upenu wa paa utoke nje angalau sentimita 50. Sakafu ya zege iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mlangoni. Ya udongo ishindiliwe vizuri. Usitandike plastiki chini ya matandazo ukidhani unazuia unyevu, kwa sababu maji ya juu yatakusanyika juu ya plastiki na kuozea hapo.

Ukingo wa chombo cha maji uwe usawa wa mgongo wa kuku aliyesimama. Kikiwa chini zaidi, kuku hukichafua na kumwaga. Kikiwa juu sana, maji humchuruzika shingoni. Kikalishe juu ya sinia pana lenye wavu, ili maji yanayodondoka yasifike kwenye matandazo. Eneo la mita moja kuzunguka chombo cha maji ndilo linaloleta kuhara damu kwa vifaranga. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka na kinyesi vikiwa bado haviwezi kuambukiza, na vinahitaji joto, hewa na unyevu kwa siku 1 au 2 ili viive. Ukivinyima vijidudu hivyo unyevu, vingi havifiki huko.

Hatua ya 6: Chagua matandazo

Kunyonya maji ni sifa moja. Kuyaachia upesi yakauke ni sifa nyingine, na ya pili ndiyo inayosahaulika. Nyenzo nzuri ina zote mbili, haina vumbi, haina ukungu, haina kemikali, na kuku hawaifanyi chakula.

Maranda ya mbao laini ndiyo ya kwanza, na ukiyapata kwa urahisi huna haja ya kusoma aya zinazofuata. Yawe vipande vya sentimita 1 hadi 2.5. Uliza fundi mbao ilikuwa ya nini: maranda ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zilizopakwa rangi, au mbao za kubandikwa kwa gundi hayafai. Mbao zenye harufu kali sana, kama mwerezi, mafuta yake huwasha njia ya pumzi, hasa ya vifaranga. Pia yasiwe mabichi. Yaanike juani siku 2 au 3 huku ukiyageuza.

Unga wa mbao unaotoka kwenye msumeno ni kitu kingine, ingawa huuzwa karakana ileile. Ni vumbi tupu ukiwa mkavu, hugandamana ukilowa, na vifaranga huula wakidhani ni chakula. Kama ndio pekee uliopo, uchanganye na maranda kwa sehemu 1 kwa 3 na uutumie kwa kuku wakubwa tu.

Makapi ya mpunga ni mepesi, hayashikani, na hukauka haraka. Udhaifu wake ni kwamba hayanyonyi sana, hivyo maji hupita na kutuama chini. Nusu makapi na nusu maranda ni mchanganyiko bora kuliko kila kimoja peke yake: maranda hunyonya, makapi huzuia yasigandamane. Chagua makapi mazima, si yale yaliyosagwa na pumba, kwani pumba ni chakula cha panya.

Majani makavu ya ngano, shayiri au nyasi hutumika sana kwa kuwa yapo kila mahali. Yakiwekwa marefu hujisuka kama mkeka, juu pakavu na chini pameoza, nawe hujui mpaka uinue. Yakate vipande vya sentimita 2.5 hadi 5. Nyasi za kulishia mifugo, zilizokatwa bado kijani, huota ukungu haraka, ziache. Ndani ya viota, kwa upande mwingine, majani marefu laini ndiyo yanayofaa, kwani hushika umbo na yai halivunjiki.

Mchanga wa mto, wenye chembe za kati hadi kubwa, hufaa penye ukame na sakafu inayopitisha maji. Haunyonyi kitu. Kinyesi hukauka juu yake na lazima kichekechwe kila siku, bila kukosa. Asiyeweza kazi hiyo ya kila siku asianze. Usitumie mchanga laini wa plasta kwa sababu ya vumbi, wala wa ufukweni kwa sababu ya chumvi.

Maganda ya karanga hunyonya vizuri lakini huota ukungu unaotoa sumukuvu. Yakubalike tu yakiwa makavu kabisa na yasiyo na madoa meusi au kijani. Maganda ya kakao yana theobromini, ambayo ni sumu kwa kuku, hivyo usiyatumie hata kidogo. Karatasi laini za gazeti huteleza, na kifaranga wa siku moja akisimama juu yake miguu yake hutawanyika pande mbili na anaweza kulemaa.

Chochote utakachochagua, chukua kiganja kimoja kutoka katikati ya gunia, si juu, unuse. Harufu ya uvundo, au vumbi la kijani au jeupe linaloruka, ni ukungu. Gunia hilo usilichanganye na mengine wala usilianike kwa matumaini. Chembe za ukungu huingia kwenye mapafu na vifuko vya hewa vya ndege, na jua haliziondoi kwenye matandazo.

Hatua ya 7: Tandaza

Hesabu ni urefu mara upana mara kimo. Banda la mita 2 kwa 3 kwa kimo cha sentimita 10 linahitaji mita za ujazo 0.6, yaani lita 600, au magunia 6 ya lita 100. Ongeza gunia 1 au 2 kwa kuwa maranda huzama siku chache za kwanza. Sentimita 5 ni chache mno: kuku wakiparua, sakafu inaonekana. Sentimita 8 hadi 10 zinatosha kwa anayebadilisha mara kwa mara. Anayetaka kuyaacha miezi 6 hadi 12 yajioze yenyewe aanze na 10 hadi 15, aongeze kidogo kidogo mpaka 20 hadi 30. Njia hiyo ya pili hutaka kizingiti kirefu zaidi, mikono ya kugeuza kila wiki, na matundu ya hewa ya kutosha. Banda lisilopumua likiwekewa matandazo ya kina kirefu huwa shimo la samadi.

Kwa vifaranga, tandaza siku moja kabla hawajafika ili sakafu ipate joto, kisha funika kwa karatasi yenye mkwaruzo siku 3 za mwanzo mpaka wajue chakula ni kipi.

Chini ya fito weka ubao au bati la kupokea kinyesi cha usiku, sentimita 15 hadi 20 chini ya fito, na ulikwangue kila asubuhi. Karibu nusu ya kinyesi chote hudondoka hapo. Hakuna kifaa kingine bandani kinachorefusha maisha ya matandazo kwa kiasi hiki.

Hatua ya 8: Tunza, na ujue kinachoharibika

Kila wiki chota matandazo kwa mkono wenye glavu, uyakamue, ufungue kiganja. Yakibaki bonge, yamelowa kupita kiasi. Yakishikana kidogo kisha yakavunjika, yako sawa, kwenye unyevu wa asilimia 20 hadi 30. Yasiposhikana kabisa na vumbi likaruka, ni makavu mno. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia wakati kuku wako nje.

Bonge likionekana, litoe lote na beleshi siku hiyohiyo, jaza mahali pake matandazo makavu, halafu tafuta chanzo. Bonge karibu na chombo cha maji ni kimo chake au kuvuja. Bonge kando ya ukuta ni mvua au maji yanayopanda kutoka ardhini. Mstari wa unyevu katikati ya banda, mbali na kila kitu, karibu siku zote ni matone ya mvuke uliogandia chini ya bati, na dawa yake ni kuongeza tundu la juu. Ukoko sawasawa banda zima ni kuku wengi kuliko nafasi. Kuku wanne kwa mita ya mraba ndani ya banda ni kikomo cha busara kama wanatoka mchana, na watatu kama hawatoki.

Geuza kwa uma mara moja kwa wiki, ongeza sentimita 2 hadi 3 mpya sehemu inapokuwa nyeusi. Nafaka chache zilizorushwa juu ya matandazo jioni zitawafanya kuku wayageuze wenyewe, lakini zirushwe zile wanazozimaliza kabla ya kulala, la sivyo umemwalika panya uliyemfungia nje. Kagua pia nyayo za kuku wawili watatu kila mwezi. Madoa meusi au magamba chini ya unyayo hutokea mapema, kabla hujanusa chochote, na husema matandazo yamelowa.

Kuhusu chokaa, ushauri unaozunguka kila mahali ni kuinyunyiza juu ya matandazo yanayonuka. Ni ushauri mbaya. Chokaa iliyozimwa huongeza ualkali, na amonia iliyokuwa imeshikwa ndani ya kinyesi huachiwa kama gesi kwa wingi zaidi pale pH inapopita 8. Harufu huongezeka, na unga wenyewe huunguza nyayo na macho. Majivu ya kuni yana tabia hiyohiyo yakikutana na unyevu. Mahali pake ni kwenye beseni la kuogea vumbi, makavu, yakichanganywa na mchanga. Chokaa ipakwe kwenye sakafu na kuta tupu baada ya kusafisha, iachwe ikauke kabisa, ndipo matandazo yafuate juu yake.

Matandazo yanayotolewa yalundikwe nje, mbali na kisima na ukuta wa banda, katika lundo la angalau mita moja kila upande, likiwa na unyevu wa sponji iliyokamuliwa. Katikati yake pafike nyuzi 55 hadi 60 za sentigredi kwa siku kadhaa, uligeuze likipoa, lipande joto tena. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi na hubeba salmonela, kwa hiyo yasiende kwenye mboga za majani kabla ya miezi 3 hadi 4.